Pesa Ilivukaje Mto? Madaraja ya Farasi, Waswaga Ng'ombe na Ile Ada Unayokatwa

Ukifika Great Haywood, kijiji kilicho Staffordshire katikati ya Uingereza, utapata daraja la mawe ambalo boda boda mbili zikikutana juu yake, moja lazima irudi nyuma. Linaitwa Essex Bridge. Upana wake ni kama futi 4 tu, lina matao 14, na limevuka mto Trent tangu karne ya 16. Ndilo refu zaidi kati ya madaraja ya farasi wa mizigo yaliyobaki Uingereza. Ukiwa unapita kwa miguu na mtu anakuja mbele yako, unajibanza kwenye pembe ndogo zilizojengwa ukutani juu ya nguzo, unampisha, halafu unaendelea na safari.

Sasa utauliza: kampuni ya kutuma pesa kwa simu na madaraja ya farasi, wapi na wapi? Subiri kidogo. Kuna maswali mawili ambayo wateja wetu hawachoki kutuuliza, na wana haki. La kwanza: "Hii ada mnanikata ni ya nini?" La pili: "Pesa ikishatoka kwa simu yangu na kabla ifike kwa mama ushago, iko wapi hasa?" Maswali hayo hayakuanza na simu. Watu waliyauliza kando ya mito karne nyingi zilizopita, na majibu waliyopata, mazuri na mabaya, yanasaidia kuelewa kinachotokea kwenye simu yako leo.

Gunia, debe na kengele

Kabla ya reli, na kabla ya barabara nzuri, sehemu za milima za kaskazini mwa Uingereza hazikufaa magurudumu. Milima ya Pennines ina mabonde makali, matope ya kumeza ekseli, na mvua isiyojua kupumzika. Kwa hivyo mizigo ilipanda mgongoni mwa farasi. Farasi mmoja alibeba takriban kilo 110. Piga picha gunia la mahindi la kilo 90, halafu juu yake uongeze debe moja. Mzigo uligawanywa sawasawa pande mbili, ukaning'inia ubavuni kwenye vikapu au mifuko. Mtu wa Lamu anayejua shogi la punda hahitaji maelezo zaidi.

Farasi hao walikwenda kwa msururu, wakati mwingine 40 au zaidi, mmoja nyuma ya mwingine. Aliyetangulia alivaa kengele. Sababu ilikuwa ya kikazi kabisa: kwenye ukungu wenzake walifuata sauti, na msafara uliokuwa ukija upande wa pili ulisikia mapema, ukatafuta mahali pa kusimama. Njia zenyewe zilikuwa nyembamba, nyingine zimetandazwa mstari mmoja wa mabamba ya mawe kuvuka nyika za milimani, na hakukuwa na nafasi ya kupishana. Kule Derbyshire waliosimamia misafara hii waliitwa jaggers, na jina hilo bado linaonekana kwenye majina ya njia na vichochoro.

Walibeba nini? Sufu na vitambaa vyake, madini ya risasi, makaa ya mawe, chokaa. Na chumvi, chumvi nyingi sana. Miji ya Cheshire kama Northwich, Middlewich na Nantwich ilikuwa na visima vya maji ya chumvi, wakayachemsha na kupata chumvi iliyovushwa milima hadi Yorkshire. Ndiyo sababu njiani utakuta majina kama Saltersbrook, kijito cha wachuuzi wa chumvi. Wakati huo hakukuwa na friji. Chumvi isipofika, nyama ya msimu wa baridi inaoza, na familia inakaa na njaa. Kwa hivyo mto ukifurika na hakuna daraja, hiyo haikuwa habari ya usumbufu mdogo.

Daraja la farasi lilijengwa kufuata hesabu ya mzigo. Kuta zake za kando ni fupi, au hazikuwepo kabisa mwanzoni, kwa sababu mzigo umening'inia ubavuni na ukuta mrefu ungeukwaruza. Ungetaka kuta ndefu, ungelazimika kupanua daraja lote, na kila futi ya upana ni mawe, chokaa na mishahara ya waashi. Ndiyo maana mengi hayafiki futi 6. Walijenga upana wa farasi mmoja, basi.

Tao lenyewe ni kazi ya akili. Fundi anaanza na kiunzi cha mbao chenye umbo la nusu duara. Anapanga mawe juu yake kutoka pande zote mbili hadi yakutane kileleni, ambapo jiwe la mwisho linafunga kazi. Kisha mbao zinaondolewa. Kuanzia hapo kila jiwe linasukumana na jirani yake, na uzito wote unateremka hadi kwenye kingo za mto. Ukiongeza mzigo, mawe yanazidi kubanana. Adui wa tao ni maji yanayochimba msingi wake.

Ushahidi uko Carrbridge, Scotland. Daraja la pale lilijengwa mwaka wa 1717 juu ya mto Dulnain, hasa ili watu waweze kupeleka maiti kuzikwa kanisani Duthil hata mto ukijaa. Mwaka wa 1829 yakaja mafuriko makubwa, yakabeba kuta na sehemu za kando. Tao likabaki. Mpaka leo limesimama peke yake hewani, jembamba kama mfupa, na watalii wanalipiga picha bila kuruhusiwa kulikanyaga.

Neno moja kabla hatujasonga mbele. Watu hupenda kuita kila daraja la aina hii "la enzi za kati". Mengi si ya zamani hivyo. Mengi yaliyosimama leo yalijengwa au kujengwa upya kwa mawe katika karne ya 17 na ya 18. Ukitaka la enzi za kati kweli, nenda Moulton kule Suffolk, kwenye njia ya zamani kati ya Bury St Edmunds na Cambridge. Lile lina matao manne na ni la karne ya 15. Kinachochekesha ni kwamba mto wake umepungua hadi kuwa kijito, na daraja linaonekana kama mtu aliyevaa koti la mvua wakati wa kiangazi.

Nani alilipa?

Daraja linahitaji pesa mara mbili: siku ya kujengwa, na kila mwaka baada ya hapo. Hii ya pili ndiyo huumiza watu kichwa.

Jibu la zamani lilikuwa nguvu. Wafalme walilazimisha vijiji kujenga na kukarabati. Jambo hili lilichosha watu hadi likaingia kwenye Magna Carta ya 1215: hakuna mji wala mtu atakayelazimishwa kujenga daraja isipokuwa yule ambaye tangu zamani wajibu huo ulikuwa wake kisheria. Katikati ya mambo makubwa ya mfalme na wakuu wake, kumbe walipata nafasi ya kulalamikia madaraja.

Jibu lingine lilikuwa dini. Kujenga daraja kulihesabiwa kuwa tendo la huruma. Matajiri waliacha pesa za daraja kwenye wosia, na maaskofu walitoa rehema ya siku 40 kwa waumini waliochangia ukarabati. Wasomaji wetu Waislamu watalitambua wazo hili haraka, kwa sababu sadaka jariya inafuata njia hiyohiyo: ukiacha kisima au daraja, thawabu zinaendelea kuja hata ukiwa kaburini.

Jibu la tatu ni lile linalotuhusu, ada. Mji ulimwomba mfalme kibali cha kutoza bidhaa zinazovuka daraja kwenda kuuzwa. Kibali kilikuwa cha miaka maalum, si cha milele, na kilikuja na orodha ndefu: mzigo huu robo peni, ule nusu peni, ule mwingine peni nzima. Pesa zilipaswa kurudi kwenye daraja. Kwa maneno mengine, ilikuwa ada yenye jedwali lililoandikwa, muda uliowekwa, na kazi iliyotajwa.

Na palipokosekana hilo la mwisho, watu waliona matokeo kwa macho. London Bridge la mawe lilimalizika 1209 baada ya miaka 33 ya ujenzi, na lilikuwa na mapato yake. Baadaye Mfalme Henry wa Tatu akampa mkewe, Malkia Eleanor wa Provence, mapato hayo. Watu waliendelea kulipa. Ukarabati haukufanyika. Wakazi wa London wakalalamika kwamba daraja linaharibika huku pesa zake zinaenda kwingine, na katika baridi kali ya 1281 kuamkia 1282 barafu ya mto Thames ikasukuma matao matano yakaanguka. Baada ya hapo usimamizi ulirudi mikononi mwa mji, na mfuko wa daraja ukaendelea kutunzwa, ukipokea kodi za nyumba na mali zilizoachwa kwa ajili yake. Mfuko huo upo hadi leo kwa jina la City Bridge Foundation, na unahudumia madaraja matano ya London. Kuvuka ni bure.

Kwa madaraja madogo ya mashambani, sheria ya 1531 ilisema daraja lisilo na mwenyewe litatunzwa na kaunti, pamoja na futi 300 za barabara kila upande. Busara ndogo, lakini nzuri: daraja lisilofikika kwa sababu ya matope halina faida.

Sasa turudi kwa simu yako. Ada ya muamala inalipia vitu ambavyo huvioni ukibonyeza "tuma": mitambo inayokaa macho usiku kucha, watu wa huduma kwa wateja, ulinzi dhidi ya matapeli, na kamisheni ya wakala ambaye anakaa dukani na pesa taslimu akikungoja. Lakini usilipe ukiwa gizani. Angalia jedwali la ada kabla ya kutuma, hasa ukiwa karibu na mpaka wa kiwango, maana shilingi moja zaidi inaweza kukuhamisha hadi ada ya juu. Soma ujumbe wa uthibitisho hadi mwisho. Ada imeandikwa humo. Isipolingana na jedwali, tupigie na usione aibu. Ukimya wa watu wa London haungerudisha tao hata moja.

Mfereji ukafika

Farasi wa mizigo hawakushindwa na daraja, walishindwa na maji. Josiah Wedgwood, mfinyanzi maarufu wa Staffordshire, alikuwa na shida ya kila mwenye kuuza vyombo: vikibebwa kwenye barabara mbovu, vinavunjika. Yeye na wenzake wakapigania mfereji wa Trent and Mersey, ulioidhinishwa na Bunge 1766 na kukamilika 1777. Farasi yuleyule aliyebeba kilo 110 mgongoni, akifungwa kamba na kuvuta mashua kwenye maji tulivu, anavuta tani nyingi. Hapo hakuna mjadala. Na ukisimama leo kwenye Essex Bridge, mfereji huo uko hatua chache tu kutoka hapo.

Kilo 34 za fedha

Mizigo imevuka. Je, malipo?

Hapa ndipo mambo yananoga. Mwaka wa 1300 sarafu ya kawaida Uingereza ilikuwa peni ya fedha, na pauni moja ilikuwa peni 240. Hakukuwa na noti, wala sarafu kubwa ya dhahabu ya kila siku. Mfanyabiashara wa sufu akitaka kulipa pauni 100 alihitaji peni 24,000. Kila moja ilikuwa na uzito wa karibu gramu 1.4, kwa hivyo jumla ni takriban kilo 34 za fedha. Karibu theluthi moja ya mzigo wa farasi, na kila mwizi njiani anasikia vile vinalia. Kiswahili chetu bado kinakumbuka enzi hizo: fedha ni pesa, na fedha ni madini yenyewe.

Wafanyabiashara wakubwa walikuwa na njia. Waitaliano walionunua sufu Uingereza walitumia barua za malipo: unaweka pesa mji mmoja, mwenzangu anakulipa mji mwingine, karatasi tu ndiyo inasafiri. Wahindi walikuwa na hundi zao, na neno hilo lilivuka bahari likaingia kwenye Kiswahili, ndiyo maana hadi leo cheki tunaiita hundi. Lakini mkulima wa kawaida milimani hakuwa na Mwitaliano. Alikuwa na mswaga ng'ombe.

Wales ilikuwa nchi ya ng'ombe weusi wadogo. Soko kubwa lilikuwa London, Smithfield. Kati ya hapo na pale ni safari ya majuma kadhaa kwa miguu. Waswaga ng'ombe waliwapigia ng'ombe viatu vya chuma ili kwato zisiishe njiani, na bata bukini walikanyagishwa lami na mchanga ili wapate soli. (Ndiyo, bata. Nao walikwenda London kwa miguu.) Barabara za kulipia zilipoenea, wengi wao walipita njia za juu milimani kukwepa vibanda vya ushuru, kwa hivyo kukwepa ada nako si jambo jipya.

Sasa angalia. Mtu wa Wales ana deni London, tuseme pauni 50. Akimtuma kijana na mfuko wa sarafu, wote wawili wanaweza kupotea. Kwa hivyo anampa mswaga ng'ombe zile pauni 50 palepale nyumbani. Mswaga anazitumia kuwalipa wakulima wa jirani ng'ombe wao. Anaenda London, anauza ng'ombe, na kutoka kwa mauzo analipa lile deni. Deni limelipwa London, wakulima wamelipwa Wales, na hakuna sarafu hata moja iliyovuka mto kuelekea London. Njia hii iliaminika kiasi kwamba katika miaka ya 1630, Mfalme Charles wa Kwanza alipotoza kodi ya meli, pesa za kaunti za Wales zilifika London kupitia waswaga ng'ombe. John Williams, askofu mkuu wa York aliyetoka Wales, aliwafananisha na meli za Hispania zilizoleta fedha, kwa sababu ndio walioleta sarafu chache zilizokuwa Wales.

Wakala wako anafanya kitu cha karibu sana na hiki. Ukimpa shilingi 2,000 Kawangware, zile noti hazipandi matatu kwenda Kitale. Zinabaki kwenye droo yake, na floti yake kwenye simu inapungua kwa kiasi hicho huku salio lako likipanda. Ukimtumia mama, salio lako linashuka na lake linapanda. Mama akitoa, wakala wa Kitale anampa noti kutoka droo yake mwenyewe, na floti yake inaongezeka. Kilichosafiri ni rekodi. Ndiyo maana wakati mwingine wakala anakwambia hana pesa: floti anayo, noti zimeisha, au kinyume chake.

Lakini kuna tofauti moja kubwa, na hii ndiyo tungependa uikumbuke kuliko zote. Pesa za mteja na pesa za mswaga ng'ombe zilikaa mfuko mmoja. Bei ikianguka Smithfield, ugonjwa ukiua ng'ombe njiani, au mwenyewe akionja raha za London na kuamua kutorudi, pauni zako 50 zimeenda na yeye. Rhys Prichard, kasisi wa mji wa Llandovery aliyefariki 1644, aliandika beti za kuwaonya waswaga ng'ombe wafanye biashara kwa uaminifu na walipe wanachodaiwa. Kasisi haandiki onyo kama hilo bila sababu.

Serikali nayo ilijaribu. Sheria ya 1563 ilitaka mswaga ng'ombe awe na leseni, awe ameoa, awe na nyumba yake, na awe ametimiza miaka 30. Walimtaka mtu mwenye kitu cha kupoteza. Lakini leseni ilimchunguza mtu tu. Haikugusa zile pesa.

Kwenye pesa za simu Kenya, zinachunguzwa zote mbili. Wakala anasajiliwa, na wewe unasajiliwa kwa kitambulisho. Halafu, chini ya Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ya 2011 na kanuni zake za 2014, pesa za wateja lazima zikae kwenye akaunti za amana katika benki, mbali na pesa za kampuni yenyewe. Kampuni hairuhusiwi kulipia mishahara au matangazo yake kwa salio lako. Kwa hivyo swali la "pesa yangu iko wapi" lina jibu: iko benki, kwenye amana, na kinachobadilika ni jina la mwenye haki ya kuidai.

Ulinzi huo haufiki mahali pamoja, yaani pale unapotoa PIN yako mwenyewe. Anayekupigia akisema ametoka kwetu na anataka PIN ili "arudishe muamala" hatoki kwetu. Na ukituma kwa namba isiyo sahihi, omba muamala urudishwe mara moja, kabla aliyepokea hajatoa, kwa sababu pesa ikishakuwa noti mkononi mwa mtu, hatuna namna ya kuifuata.

Waswaga ng'ombe nao waligundua baada ya muda kwamba kazi ya kushika pesa za watu ilikuwa biashara inayojitegemea. Mwaka wa 1799, palepale Llandovery kwa Rhys Prichard, mswaga ng'ombe aitwaye David Jones alifungua benki. Noti zake zilichorwa ng'ombe mweusi, na watu wakaiita Benki ya Ng'ombe Mweusi. Mkulima ambaye hakujua kusoma aliitambua noti kwa picha ya mnyama aliyemfuga. Reli ilipofika katikati ya karne ya 19, ng'ombe wakapanda treni na misafara ya miguu ikaisha, lakini benki ikaendelea. Mwaka wa 1909 ilinunuliwa na Lloyds, benki ambayo nembo yake, hadi leo, ni farasi mweusi.